Wazee wa Kimaori na chanjo ya korona: nilikuwepo, hawakugoma

Binti Mkumbara

Habari zenu wana jukwaa.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa chanjo, mdau mmoja aliandika kwamba "hata Wamaori kule Nyuzilandi walizikataa chanjo za korona", na wengi wakamuunga mkono. Wamaori ni wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, nchi ninayoishi. Nimeandika jibu nikalifuta mara mbili. Mistari mitatu haitoshi, kwa hiyo nafungua uzi. Utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe. Tangu 2016 naishi Hamilton, mkoa wa Waikato, kwenye Kisiwa cha Kaskazini. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani: kuwaogesha, kupanga vidonge vya wiki, kupika, kuwasindikiza kwa daktari. Korona ilipoingia nilikuwa na wazee sita, wanne kati yao Wamaori. Nitasimulia hasa habari za mmoja, mama ambaye wakati ule alikuwa na miaka 78. Jina lake silitaji. Watoto wake, wajukuu, hata muuza duka, wote humwita Nan, yaani bibi, nami ndivyo nimwitavyo. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Akasema, "Andika, lakini usiwaambie nilikuwa mgonjwa. Waambie nilikuwa na hasira."

Mzee kwao anaitwa kaumatua. Mvi peke yake haikupi jina hilo. Kaumatua ndiye anayesimama kwenye marae, ule uwanja wa ukoo wenye nyumba kubwa ya mikutano, kumpokea mgeni. Ndiye anayejua nasaba za watu kurudi nyuma hadi mtumbwi uliowaleta mababu zao, na ndiye anayetoa dua ya kumuaga maiti. Kwa hiyo uliposikika ugonjwa unaoua wazee zaidi, ukoo mzima ulijua umelengwa wapi.

Mgonjwa wa kwanza nchini alithibitishwa tarehe 28 Februari 2020. Machi 21 waziri mkuu, Jacinda Ardern, akawataka wenye miaka 70 na kuendelea wabaki nyumbani, na siku nne baadaye nchi nzima ikaingia lokidauni. Kila kaya iliambiwa ijifungie peke yake kama iliyo ndani ya povu la sabuni. Ndilo neno walilotumia, povu. Sasa fikirieni: Nan alikuwa akiishi na binti yake, mkwe na wajukuu wanne kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mkwe alifanya kazi kiwanda cha nyama, na viwanda vya chakula havikufungwa. Kila jioni yule kijana alivua nguo gereji na kuzitia kwenye ndoo ya maji ya moto kabla ya kuingia ndani. Nan alikaa chumba cha mwisho. Wajukuu walimsalimia kwa kugonga ukuta.

Siku za mwanzo tu gari la watu wa kabila lake lilikuja. Walishusha viazi, unga, sabuni na karatasi yenye namba za simu, kisha wakasimama getini wakamwimbia. Yeye akaitikia dirishani. Nimeona misaada mingi ikigawiwa maishani mwangu, huu ndio wa kwanza niliouona ukigawiwa kwa wimbo.

Nan hakuwa anaogopa ugonjwa kwa sababu ya televisheni. Mama yake mzazi alikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1918, mafua makubwa yalipopita. Kati ya kila Wamaori 1,000 karibu 50 walikufa, ilhali kwa wazungu idadi haikufika hata 6. Mama yake alifiwa na wazazi wote wawili ndani ya wiki moja akalelewa na shangazi. Huku Waikato kuna mwanamke mkubwa wa historia, Te Puea Herangi, aliyekusanya yatima wapatao 100 wa mafua yale, na 1921 akahamia nao Ngaruawahia kuanzisha marae ya Turangawaewae. Nyumba iitwayo Mahinarangi pale mwanzoni alitaka iwe hospitali ya watu wake. Wakubwa wa afya hawakukubali. Ilifunguliwa 1929 kama nyumba ya mikutano na mapokezi. Nan akipita pale hunionyesha kwa kidole: "Hiyo ilikuwa iwe wodi."

Ndiyo maana makabila ya pwani ya mashariki, Te Whanau-a-Apanui wakiwa mstari wa mbele, yalipoweka vizuizi barabarani Machi 2020 ili wageni wasiwapelekee wazee ugonjwa, Nan alikaa mbele ya runinga akilia. Redioni kulikuwa na watu wanapiga simu kulalamika kwamba ni uvunjaji wa sheria. Yeye aliniambia kwa simu, "Safari hii mlango umefungwa na mwenye nyumba."

Aprili dada yake mkubwa akafariki. Si kwa korona, kwa moyo. Hapa inabidi niwaeleze kitu. Msiba wao unaitwa tangihanga, kwa kifupi tangi. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani wanasema matanga, na kweli haviko mbali. Maiti hulazwa kwenye marae kwa siku mbili tatu, jeneza wazi, na hata usiku haachwi peke yake dakika moja. Watu wanazungumza naye, wanamkemea, wanamchekesha. Chini ya lokidauni yote hayo yalizuiwa. Dada mtu alizikwa bila marae, bila Nan. Mjukuu alimshikia simu ya mkononi aone kaburi, picha ikakatika katikati. Mwezi Mei serikali ilipolegeza masharti, ilitaka kwanza watu kumi tu msibani. Viongozi wa Kimaori wakapaza sauti hadi ikafika 50. Lakini kwa dada yake Nan ilikuwa imeshapita.

Nimewaambia haya kabla ya kufika kwenye sindano kwa sababu wao pia hawakuanzia kwenye sindano. Naendelea baadaye, naingia kazini.

Kipanga wa Same

Dada Binti Mkumbara, shukrani. Hapo kwenye msiba umenigusa sana. Baba yangu mdogo alizikwa Dar Mei 2020, usiku, sisi ndugu tumesimama mbali kama watu wa kupita. Mama mdogo hadi leo anauliza alivalishwa nini. Endelea, tunasoma.

Mwanaharakati Huru

Historia nzuri. Ila mada ni chanjo. Walichanja au hawakuchanja?

Binti Mkumbara

Kipanga, pole sana kaka yangu. Mpe pole na mama mdogo.

Mwanaharakati, nakuja hapo hapo.

Chanjo zilianza Februari 2021 kwa wafanyakazi wa mipakani. Ilikuwa ya Pfizer. Watu waligawanywa makundi manne. Wenye miaka 65 na kuendelea na wenye maradhi kama kisukari walikuwa kundi la tatu, na watu wengine waliobaki kundi la nne. Mimi kama mtunzaji nilichanjwa mapema. Nan alipata ujumbe wa simu mwezi Mei: weka miadi kwenye tovuti. Tovuti ilitaka barua pepe. Nan hana barua pepe. Nilimwekea kwa yangu.

Siku ilipofika nilimpeleka, akiwa na binti yake wa miaka 44 mwenye kisukari na mkwe. Kituo kilikuwa kwenye jengo kubwa la maduka. Nan alikuwa amevaa vizuri, amevaa hata pambo lake la jiwe la kijani shingoni. Pale mlangoni kijana mwenye tableti akamwambia karibu, kisha akamwambia binti yake kwamba jina lake halipo kwenye orodha ya miadi, arudi akipata miadi yake. Kijana hakuwa na ubaya, alikuwa anafuata kilichoandikwa. Nan akauliza, "Mimi ndiye nitakayezikwa kabla yao hata wasipougua. Unanichanja mimi ili nibaki na nani?" Kijana hakuwa na jibu. Nan akageuza kiti chake cha magurudumu mwenyewe, tukarudi nyumbani.

Kwenye kompyuta ya wakubwa siku ile iliandikwa kwamba hakufika. Mzee wa Kimaori, miaka 79, hakufika. Halafu takwimu kama hizo zinajumlishwa, na mtu yupo Dar es Salaam anaandika kwamba Wamaori waligoma.

Alikaa wiki tano bila chanjo. Alikuwa na hasira kama alivyoniagiza niseme.

Mwishoni mwa Juni shirika la afya la Kimaori la eneo letu likatangaza siku ya chanjo kwenye marae. Mashirika ya namna hii yalikuwa yametengewa dozi za wazee pamoja na watu wanaoishi nao nyumba moja, dozi za watu 40,000 kwa nchi nzima kwa Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki. Hakukuwa na miadi. Basi dogo lilipita nyumba kwa nyumba. Tulipanda saba kutoka kwa Nan peke yake, wawili wakiwa watoto waliokuja kwa sababu tu haiwezekani kuwaacha.

Pale marae kwanza ilisomwa dua. Kisha chai, mikate, supu ya nyama na majani. Mtu alichukua muda wake. Nesi aliyempokea Nan alikuwa mama wa makamo mwenye kidani shingoni kama chake. Hakuanza na tarehe ya kuzaliwa. Aliuliza, "No hea koe?" Maana yake, wewe ni wa wapi? Nan akataja mto wake na mlima wake. Nesi akataja wake. Wakazunguka zunguka hapo mpaka wakampata mtu wa tatu, marehemu, ambaye alikuwa shangazi wa mmoja na jirani wa mwingine. Hapo Nan akakunja mkono wa sweta bila kuambiwa. Maswali ya dawa anazotumia na mzio yalikuja baada ya hapo, na yalijibiwa yote kwa ukweli, hata lile la vidonge vya presha alivyokuwa akivificha asivimeze, ambalo mimi mtunzaji wake nilikuwa silijui.

Binti yake alichanjwa kiti cha pembeni. Mkwe pia. Baada ya wiki tatu tukarudi kwa dozi ya pili na supu ilikuwepo tena.

Nesi Mwanza

Nimechanja watu tangu enzi za kampeni za surua, na hilo la vidonge vya presha limenifanya niweke simu chini. Mtu hukwambia ukweli akishajua wewe ni nani.

Nina swali la kitaalamu lakini. Kuanza na wazee ni utaratibu wa dunia nzima kwa korona. Ulipunguza vifo. Kosa lilikuwa wapi hasa? Kama Nan alikuwa kwenye kundi la tatu kwa umri wake, alitendewa haki kama mzee mwingine yeyote.

Binti Mkumbara

Dada Nesi, swali lako ndilo lililofika hadi kwenye baraza la mawaziri.

Wamaori ni watu wachanga kwa umri. Sensa ya 2018 ilionyesha nusu yao wako chini ya miaka 25 hivi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya umri huo wa kati ni 41. Na wanakufa mapema, tofauti ya maisha ni kama miaka saba. Ukiweka mstari kwenye 65, upande mmoja umejaza wazungu wengi, upande wa Wamaori wengi hawajaufikia na baadhi hawataufikia kabisa. Watafiti walikadiria kwamba Mmaori wa miaka 59 hivi alikuwa na hatari ya kulazwa kwa korona sawa na mzungu wa miaka 80. Wataalamu wa Kimaori, wakiwemo wale wa kundi la Te Ropu Whakakaupapa Uruta lililoundwa Machi 2020, walilisema hili mapema. Maofisa wa serikali wenyewe walishauri umri wa kuanza ushushwe kwa Wamaori. Baraza la mawaziri likakataa.

Agosti 17, 2021 kirusi cha Delta kikagundulika Auckland. Oktoba 3 kikatufikia: Hamilton, Ngaruawahia, Huntly na vitongoji vyake tukafungiwa. Kufikia mwisho wa mwaka karibu nusu ya wagonjwa wa wimbi lile walikuwa Wamaori, na wao ni kama asilimia 17 tu ya watu wa nchi.

Baraza la Wamaori la nchi likapeleka shauri kwenye Waitangi Tribunal, chombo kinachosikiliza malalamiko juu ya mkataba wa Waitangi wa Februari 6, 1840 kati ya machifu wa Kimaori na dola ya Uingereza. Uamuzi ulitoka Desemba 2021 kwa jina Haumaru. Ulisema serikali ilivunja misingi ya mkataba, ukitaja wazi kule kukataa kushusha umri. Nan alitaka nimsomee gazetini aya ile mara mbili.

Na kuna jambo la haki kwa mzee ambalo halionekani kwenye hesabu ya umri wake. Profesa Mason Durie, Mmaori na daktari wa akili, alieleza tangu miaka ya 1980 kwamba afya ni nyumba yenye kuta nne: mwili, akili, roho na familia. Nan alipoitwa peke yake pale dukani aliitwa ukuta mmoja.

Mwanaharakati Huru

Sawa, nimekuelewa kuhusu huyo bibi. Lakini usifiche. Nimeona video za Wamaori wakiandamana bungeni na bendera zao, wakipiga haka, ile ngoma yao ya vita, kupinga chanjo. Hao nao walikosa basi?

Binti Mkumbara

Sifichi. Walikuwepo. Maandamano ya Wellington ya Februari 2022 yalichukua wiki tatu na zaidi, yaliisha Machi 2, na Wamaori walikuwemo. Wengine walipinga chanjo yenyewe, wengine walipinga kufukuzwa kazi kwa kutochanja, na hayo ni mambo mawili. Lakini tazama wenyeji walifanya nini. Kabila la Ngati Toa, wenye ile haka ya Ka Mate mnayoiona kwenye raga, Novemba 2021 walitoa tamko kuwataka wapinzani wa chanjo waache kuitumia, wakikumbusha kwamba mababu zao waliuawa na magonjwa ya mlipuko. Te Atiawa, wenye ardhi ya Wellington, nao waliwataka waandamanaji waondoke. Hizo video hazikusambaa.

Kati ya wazee wangu wanne wa Kimaori, mmoja alikataa mpaka mwisho. Babu, miaka 81. Nilimheshimu, na yeye ana sehemu yake kwenye uzi huu.

Babu huyu alikumbuka kwamba baba yake alisimulia ndui ya 1913. Wakati ule Mmaori katika maeneo yaliyowekewa amri hakupanda treni bila cheti cha kuchanjwa. Mzungu alipanda. Kwa hiyo mwishoni mwa 2021 serikali ilipoleta pasi ya chanjo ya kwenye simu, unaonyesha ndipo uingie mgahawani, babu aliona karatasi ile ile imerudi. Nilimwambia sasa hivi wanaulizwa wote. Akasema, "Najua. Lakini mkono wangu haujui." Na si hilo tu. Kulikuwa na sheria ya 1907 iliyopiga marufuku waganga wao, tohunga, haikufutwa hadi 1962. Yeye alizaliwa 1940. Amekua akijua kwamba dawa ya bibi yake ni kosa la jinai na dawa ya hospitali ni amri. Kichwani mwake mlango wa hospitali na mlango wa polisi ulikuwa mmoja. Daktari mmoja alimwita mkaidi mbele yangu. Sikumjibu, kazi yangu ilikuwa kusukuma kiti, na mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza.

Babu aliugua Machi 2022, Omicron ilipozagaa. Alilazwa siku tisa. Aliruhusiwa kutembelewa na mtu mmoja kwa siku, na watoto wake saba walipangiana zamu kwenye maegesho ya magari, yule wa zamu akiingia anapeleka salamu za wengine. Alipona. Hakuchanja hata baada ya hapo. Ni kaumatua, na wajukuu zake wote walichanja kwa baraka zake.

Mwanaharakati, ukiniuliza kwa jumla: wazee walichanja kwa wingi kuliko vijana wao. Pengo kubwa lilikuwa kwa vijana, waliowekwa mwisho wa foleni na kukaa miezi wakisoma mitandao kabla mtu yeyote hajawaambia njoo.

Mvita Kwetu

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Nyinyi Tanzania mlikuwa na nyungu, sisi huku nyanya zetu walijifukiza mwarobaini na majani ya mkaratusi. Hao wazee wa Kimaori hawakuwa na lao? Na je, huyo nesi wa marae aliwaambia waache?

Binti Mkumbara

Walikuwa nalo na bado wanalo. Dawa zao huitwa rongoa. Dawa kuu nyumbani kwa Nan ni mti wa kawakawa, majani yake yana umbo la moyo na huwa yametobolewa na viwavi. Wanasema yenye matundu ndiyo mazuri. Nan huyachemsha chai, na wakati wa lokidauni nyumba nzima ilinuka kawakawa kama kwetu ilivyonuka mkaratusi. Niliponusa mara ya kwanza nilikumbuka bibi yangu na shuka lake na sufuria.

Nesi hakumwambia aache. Alimuuliza anachemsha majani mangapi, kwa sababu ya zile dawa nyingine, kisha akamwambia aendelee kunywa na aje kwa sindano ya pili. Vitu viwili vikakaa kikombe kimoja bila ugomvi. Mimi nilikulia mahali ambapo 2020 na 2021 ilibidi uchague upande, nyungu au sindano, na ukichagua umeshajulikana wewe ni wa nani. Kusikia mtu mwenye sare akiuliza "majani mangapi?" kulinishangaza kuliko chanjo yenyewe.

Nesi Mwanza

Naomba jambo moja la mwisho, dada. Nini kilibaki baada ya korona? Sisi huku mradi ukiisha na gari linaondoka.

Binti Mkumbara

Dada Nesi, umeuliza penye kidonda.

Kwanza, hata wakati wa korona ilibidi wapigane. Shirika la Whanau Ora Commissioning Agency, linalosimamia huduma za familia za Kimaori, liliomba wizara ya afya iwape majina na anwani za Wamaori wasiochanjwa ili wawafuate nyumbani. Wizara ikasita kwa hoja ya faragha. Mkuu wa shirika, John Tamihere, akaenda Mahakama Kuu, na Novemba 2021 mahakama ikaiagiza wizara iangalie upya uamuzi wake, wizara ikakataa tena, shirika likarudi tena mahakamani. Huko kote siku zinakatika na Delta inatembea. Oktoba 16 palikuwa na siku moja ya kitaifa ya chanjo, televisheni nzima, zikachomwa dozi takriban 130,000. Nchi iliona kwamba ikitaka inaweza.

Halafu Julai 1, 2022 ikaundwa mamlaka ya afya ya Wamaori, Te Aka Whai Ora, yenye fungu lake na uwezo wa kuyapa kazi mashirika ya Kimaori moja kwa moja. Nan alihudhuria mkutano mmoja wa kuitambulisha, amevaa jiwe lake la kijani. Serikali ikabadilika mwishoni mwa 2023, na Februari 2024 bunge likapitisha kuifuta. Ilimaliza kazi zake Juni 30 mwaka huo. Miaka miwili kamili, wala haikuzidi siku. Mimi si raia wa hapa na siasa zao ni zao, ila nasema ninavyoamini: ilikuwa haki yao na wamenyang'anywa.

Lile shirika la eneo letu bado lipo. Basi bado lipo, limechakaa. Nesi wa marae amestaafu, amemfundisha kijana mmoja wa kiume ambaye Nan anasema mkono wake ni mwepesi lakini hajui ukoo wake vizuri, anamfundisha yeye.

Kipanga wa Same

Na Nan mwenyewe? Hajambo?

Binti Mkumbara

Hajambo kaka, magoti tu. Vidonge vya presha sasa anameza mbele yangu, kisha ananifunulia kinywa nione.

Nilimsomea uzi huu jana kwa Kiswahili, hajui neno hata moja, akataka nisome wote. Nilipofika kwenye "matanga" akaninyanyulia mkono nirudie.

Huku ni alfajiri, kwenu mnajiandaa kulala. Leo ni siku ya chanjo ya mafua ya baridi pale marae na basi linapita saa mbili. Tupo tisa safari hii, kuna kitukuu. Maswali yaliyobaki nitayajibu nikirudi.